Kazi, Majukumu ya Nyumbani na Afya ya Akili: Kisa cha Kijiji Kilichopotewa na Kazi





Sisi walimu wa madrasa huletewa kesi nyingi za ndoa, hata zisizotuhusu. Mume anakuja na malalamiko kwamba mke hamheshimu tena tangu kazi ilipokatika. Mke anakuja na malalamiko kwamba mume hazungumzi, analala mchana, na akiulizwa jambo dogo anafoka. Nasi kwa haraka tunatoa nasaha ya kila siku: mcheni Allaah, subirini, sameheaneni. Nasaha hiyo ni ya haki wala hatuiachi. Lakini ni mara chache tunauliza: kabla ya ugomvi kuanza, ni nini kilibadilika katika kazi na majukumu ya watu hawa wawili?

Katika makala hii tutatazama swali hilo kwa njia ya historia. Tutaanza mbali, katika kijiji kimoja cha Austria, kisha tupite London, halafu turudi hapa kwetu Uganda, na mwisho tuseme machache yaliyotufika sisi wenyewe. Tunaomba subira ya msomaji, maana kisa ni kirefu kidogo ila kina faida, In shaa Allaah.

KIJIJI CHA MARIENTHAL

Kusini-mashariki ya mji wa Vienna, mwendo mfupi wa treni, kuna mahali panapoitwa Marienthal. Palikuwa na kiwanda cha nguo kilichoanza mwaka 1830, na watu wa hapo walizaliwa, wakaoa na kuzeeka kwa kutegemea kiwanda hicho kimoja. Wanaume na wanawake wote walifanya kazi ndani yake. Jioni watu walikutana katika vyama vyao, walisoma vitabu katika maktaba ya wafanyakazi, na walikuwa na bustani kubwa ya kupumzikia iliyotunzwa vizuri.

Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoipiga dunia, kiwanda kile kikaanguka. Kati ya katikati ya mwaka 1929 na Februari 1930 sehemu zake zilifungwa moja baada ya nyingine mpaka mashine ya mwisho ikanyamaza. Kijiji kilikuwa na watu 1,486 katika familia 478. Takriban robo tatu ya familia hizo zikabaki bila mtu hata mmoja mwenye kazi ya kudumu. Serikali ilitoa posho ndogo, lakini ilikuwa na muda wake, na aliyeonekana amefanya kibarua kidogo cha malipo aliweza kuikosa kabisa.

Mwishoni mwa mwaka 1931 watafiti vijana kutoka Vienna walikwenda kukaa na watu hao. Walioandika matokeo ni watatu: Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Kuna jambo katika adabu yao linalofaa kuigwa. Walikubaliana kwamba hakuna atakayekwenda pale kuwatazama watu tu kama anayetazama wanyama, bali kila mmoja awe na jambo la kuwafaa wenyeji. Wakakusanya nguo mjini na kuzigawa, wakaleta madaktari wa kutibu bure, wakafungua darasa la kukata mitindo ya nguo kwa wanawake. Kwa kufanya hivyo milango ikafunguka, nao wakaona yaliyomo ndani ya nyumba.

Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Toleo la kwanza halikuwa na majina yao kwenye jalada, kwa sababu waandishi walikuwa na asili ya Kiyahudi na huo ndio mwaka Hitler aliposhika madaraka Ujerumani. Bi Jahoda alifungwa mwaka 1936 kwa ajili ya siasa, na mwaka 1937 akaenda uhamishoni Uingereza.

WANAUME WALIOSIMAMA NJIANI

Mtu angedhani kwamba asiye na kazi, kwa kuwa ana muda mwingi, atasoma zaidi, atatembelea jamaa zaidi, na atashiriki zaidi katika mambo ya jamii. Marienthal ilionesha kinyume chake. Maktaba iliondoa ada ya kuazima vitabu, na bado kati ya 1929 na 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Vyama vikapoa. Ile bustani nzuri ikaota magugu, na mamia ya watu wenye nguvu walipita kando yake kila siku bila mtu kushika jembe.

Watafiti walisimama dirishani wakawahesabu watu 100 wanaopita barabara kuu ya kijiji. Karibu theluthi mbili ya wanaume walisimama njiani mara mbili au zaidi, na ni mmoja tu katika kila kumi aliyefika mwisho bila ya kusimama. Wanawake walikuwa tofauti: waliosimama mara mbili au zaidi walikuwa kama mmoja katika sita, na mwendo wao ulikuwa wa haraka zaidi. Wanaume wale hawakuwa na pa kuwahi. Wengi hawakubeba hata saa tena.

Wakaombwa waandike saa baada ya saa wamefanya nini kwa siku. Wanaume wengi hawakuweza kuijaza karatasi. Kuamka, kula na kulala ndizo nguzo tatu zilizobaki katika siku yao, na baina ya hizo hawakukumbuka kitu. Na la ajabu zaidi, watu hawa wasio na shughuli walichelewa chakula cha mchana. Wake zao walilalamika kwamba wanamwita mtu aliye hatua chache tu kutoka mlangoni, na hatokei.

Hebu tulitafakari hili, ndugu zetu. Ni mara ngapi tumemwita mtu wa namna hii mvivu? Watu wale hawakuwa wavivu. Miaka michache nyuma waliamka alfajiri na kwenda kiwandani. Kilichovunjika ni ile kamba iliyofunga siku yao, na ilipokatika saa zote zikamwagika kama shanga.

WANAWAKE: HAWANA MSHAHARA, LAKINI WANA KAZI

Kwa upande wa wanawake watafiti waliona jambo jingine. Nao walipoteza mshahara, kwani wengi walikuwa kiwandani pamoja na waume zao. Lakini hawakupotewa na kazi. Nyumba ilibaki. Kupika, kufua, kushona viraka juu ya viraka na kulea watoto kulibaki, tena kukawa kugumu zaidi, kwa sababu kupika kwa fedha kidogo kunataka akili na muda mwingi kuliko kupika kwa fedha ya kutosha. Siku ya mwanamke ilijaa tangu asubuhi mpaka usiku, na kujaa huko kulimkinga na ule mtawanyiko uliowapata wanaume.

Je, ina maana wanawake walikuwa salama? La. Walikuwa wamechoka. Na jambo la kuzingatiwa ni kwamba walipoulizwa, wengi wao walisema wangependa kurudi kiwandani, ijapokuwa zamani walifanya kazi mara mbili: mchana kiwandani na usiku nyumbani. Sababu haikuwa mshahara peke yake. Kule walikutana na wenzao, walizungumza, na dunia yao ilikuwa pana kuliko kuta nne za jiko.

Watoto nao hawakusalimika. Walipoandika zawadi wanazozitamani, thamani ya matamanio ya mtoto wa Marienthal ilikuwa kama shilingi 12 za Austria, ilhali watoto wa vijiji vya jirani walitamani vitu vya shilingi 36. Tena wengi waliandika kwa namna ya kujitoa: ningelitaka kitu fulani kama wazazi wangelikuwa na fedha. Mtoto alikwisha kujifunza kupunguza hata ndoto.

NYUMBA ZA AINA NNE

Watafiti walizigawa familia katika mafungu manne. Kwanza, wasiovunjika: nyumba safi, watoto wanatunzwa, bado wanatafuta kazi na wana mipango. Pili, waliojisalimisha: nyumba inakwenda na watoto wanaangaliwa, ila matarajio yameisha, hili ndilo lilikuwa fungu kubwa kuliko yote. Tatu, waliokata tamaa: bado wanaitunza nyumba, lakini ndani wanaungua na kulilia maisha yaliyopita. Nne, walioacha kujali: nyumba chafu, watoto wametelekezwa, ugomvi na ulevi.

Kisha wakapiga hesabu ya pato la mwezi kwa kila mtu mzima. Wasiovunjika walikuwa na wastani wa shilingi 34, waliojisalimisha 30, waliokata tamaa 25, na walioacha kujali 19. Tazameni jinsi tofauti ilivyo ndogo! Shilingi kama tano kushuka, na nyumba inahama kutoka hali moja kwenda nyingine. Basi tusiharakishe kumwambia jirani yetu kwamba imani yake ni dhaifu, huenda ni shilingi tano tu zilizopungua kati yake na sisi.

KAZI HUTOA NINI ZAIDI YA FEDHA?

Bi Jahoda aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki Uingereza mwaka 2001. Mwaka 1982 alitoa kitabu kingine juu ya ajira na ukosefu wa ajira, na humo akaeleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano mbali na mshahara:

1. Mpangilio wa siku: saa ya kuamka, saa ya kutoka na saa ya kurudi.
2. Kukutana na watu walio nje ya nyumba yake.
3. Kushiriki katika lengo kubwa kuliko nafsi yake.
4. Nafasi na heshima: akiulizwa yeye ni nani, ana la kujibu.
5. Kushughulika, yaani mwili na akili vina la kufanya.

Mtu anapofukuzwa kazi jamii huona kwamba amepoteza fedha, basi huchangiwa unga na mchele, na hilo ni jema. Lakini amepoteza vitu sita, na sisi tumemrudishia nusu ya kimoja.

Kwa mwanaume wa Kiislamu kuna uzito mwingine. Tangu udogoni amefundishwa, tena ni haki, kwamba nafaka ya mke na watoto iko juu ya shingo yake. Inapomshinda huona kwamba hakupoteza kazi tu, amepoteza uanaume wake na amekuwa mwenye dhambi. Hapo ni wajibu wetu walimu kukamilisha somo. Katika Suuratut-Twalaaq, aya ya 7, Allaah Amebainisha kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake na aliyedhikika atoe katika kile alichopewa, wala nafsi haikalifishwi zaidi ya hicho. Tumelifundisha fungu la kwanza la hukumu kwa sauti kubwa, na fungu la pili kwa kunong'ona.

LONDON: MWANAMKE ASIYE NA WA KUMWAMBIA

Baada ya Marienthal swali lilibaki: mbona wanawake, ambao nyumba inawapa shughuli, huonekana kupatwa zaidi na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi? Mpaka leo takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kwamba sonona iko zaidi kwa wanawake, na kwamba wanaojiua wengi wao ni wanaume. Kila upande una jeraha lake.

George Brown na Tirril Harris walilitafuta jibu katika mtaa wa Camberwell, kusini mwa London, kwa kuwahoji wanawake 458. Kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Waliona kwamba sonona ya wanawake wale mara nyingi ilifuata msiba au dhiki kubwa: kifo, kuachwa, kutolewa katika nyumba, mume kupoteza kazi. Lakini si kila aliyepatwa na msiba aliugua. Kulikuwa na mambo manne yaliyomfanya mwanamke awe mwepesi kuanguka msiba ulipokuja: kufiwa au kutengana na mama yake kabla ya kufikia miaka 11, kuwa na watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, kutokuwa na kazi yoyote ya nje, na kubwa zaidi, kukosa mtu wa karibu, hasa mume, ambaye anaweza kumwambia yaliyomo moyoni.

Tulisome hili kwa uadilifu. Wapo watakaosema: basi kila mwanamke atoke akafanye kazi. Na wapo watakaosema: utafiti wa Ulaya hautuhusu. Wote wawili wameharakisha. Kazi ya nje ilimsaidia yule asiye na wa kuzungumza naye, kwa sababu ilimtoa katika upweke. Aliyekuwa na mume wa kumsikiliza alikuwa na kinga tayari. Tatizo halikuwa nyumba wala watoto. Tatizo lilikuwa mtu mmoja kuachiwa mzigo wote peke yake, siku nzima, bila sikio la kumsikiliza.

Na kwetu sikio hilo lina asili. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliporudi kutoka pangoni akitetemeka, alikwenda kwa Bi Khadiyjah (Radhwiya Allaahu 'anhaa). Naye alimfunika, akamsikiliza, akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake. Bi Khadiyjah alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake. Na Mtume huyo huyo, kama alivyosimulia Mama 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), alikuwa nyumbani akiwahudumia ahli zake mpaka wakati wa Swala unapofika. Majukumu yana wenyewe, ila mikono husaidiana.

JE, HAYA NI MARADHI YA WAZUNGU?

Wapo wanaosema kwamba sonona ni maradhi ya watu waliokosa imani, au ya Wazungu wenye muda wa kujiwazia. Historia ya nchi yetu inalikataa neno hilo. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, wakitumia maswali ya namna ile ile iliyotumika Camberwell. Waliikuta sonona katika vijiji vyetu, tena kwa kiasi kikubwa kuliko kule London.

Miaka ikapita na UKIMWI ukaja. Masaka na Rakai zikazikwa watu wazima kwa wingi, mabibi wakawa mama upya, watoto wakawa wakuu wa nyumba, na wanaume wakabaki wajane wakipika wenyewe. Majukumu yote yakapinduka kwa wakati mmoja. Watafiti walipowauliza wenyeji ni maradhi gani ya moyo yamezidi, walitaja mawili kwa Kiganda: okwekubagiza, yaani kujionea huruma mno, na yo'kwekyawa, yaani kujichukia. Kwa pamoja dalili zake zinafanana na zile ambazo madaktari wanaziita sonona.

Wakachagua vijiji 30, vya wanaume 15 na vya wanawake 15. Nusu ya vijiji vilianzishiwa vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kiasi cha saa moja na nusu kila mara. Wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao, na kiongozi alikuwa mwenyeji wa jinsia yao aliyepewa mafunzo ya wiki mbili tu. Walizungumza juu ya misiba, migogoro ya nyumbani, na mabadiliko ya nafasi ya mtu maishani. Hakukuwa na dawa wala fedha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika vijiji vyenye vikundi waliobaki na sonona kubwa walikuwa 6.5 kwa mia, na katika vijiji visivyopata vikundi walikuwa 54.7 kwa mia.

Watu walikaa chini, wakasikilizana, wakasaidiana kutafuta njia, na kwa hilo wengi wao wakapona. SubhaanaAllaah!

YALIYOTUFIKA SISI

Tumeandika haya kwa sababu tuliyaishi. Machi 2020, kwa ajili ya korona, shule zote za Uganda zilifungwa na madrasa zikafungwa pamoja nazo. Baadhi ya madarasa yalirudi, yakafungwa tena Juni 2021, na milango yote haikufunguka mpaka tarehe 10 Januari 2022. Walimu walioajiriwa na serikali waliendelea kupata mshahara wao. Sisi tunaotegemea ada za wazazi hatukuwa na kitu.

Mwezi wa kwanza tulisema ni mapumziko. Mwezi wa tatu tulikuwa tunalala baada ya Alfajiri mpaka jua limepanda. Tukitoka tulikwenda mpaka njia panda, tukasimama na majirani, wengi wao vijana wa bodaboda waliokatazwa kubeba abiria, tukarudi, tukatoka tena. Chakula kilipoa kikitungoja. Mama watoto aliamka usiku kukanda maandazi ya kuuza, akawapika na kuwaogesha watoto, akawafundisha juzuu zao, na jioni alihesabu sarafu. Sisi tuliona haya kumsaidia kuuza maandazi, mwalimu mzima! Tulikuwa hatujui habari za Marienthal, lakini tulikuwa tumesimama katika barabara yake.

Siku moja alituambia kwa upole: "Mwalimu, mimi sikulaumu kwa kukosa kazi. Kazi zimejaa humu ndani. Wewe unazingoja za nje."

Neno hilo lilituuma siku nzima. Kesho yake tukachota maji baada ya Alfajiri, kabla ya kulala kutushika. Ikawa ndiyo saa yetu. Kisha tukachukua masomo ya watoto, kila siku baada ya 'Asr, saa ile ile. Tukalima dodo na mchicha nyuma ya nyumba. Fedha haikuongezeka sana, na madeni ya wakati ule tulimaliza kuyalipa mwaka 2023. Ila tuliacha kufoka, na usingizi wa usiku ukarudi.

Lau kisa kingeishia hapo kingekuwa kizuri, nasi tungeonekana wema. Lakini Februari 2022, tuliporudi darasani na kila mtu akidhani dhiki imekwisha, ndipo mama watoto alipoanguka. Hakuwa na homa. Aliacha kula, akawa analia akifua, akasema amekuwa mzigo. Tulimsomea Ruqyah, na tunaamini baraka yake, kisha tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akamuuliza: "Una nani wa kuzungumza naye?" Akatutazama sisi, kisha akainama, akasema: "Sina."

Tulikuwa tumekaa kando yake. Kwa miaka miwili tulimweleza yeye hofu zetu zote, naye alituliza kila moja. Hatukuwahi hata siku moja kumuuliza zake. Alhamdulillaah amepata matibabu na amepona, na ametuidhinisha kuandika haya kwa sharti kwamba tusijipambe.

WANAZUONI WETU WALIJUA

Kijana msomaji asidhani kwamba kumpeleka mgonjwa wa moyo kwa mganga wa hospitali ni bid'ah. Abu Zayd al-Balkhiy, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu Maswaalih al-Abdaan wal-Anfus, juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akaitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi, ambayo asili yake iko mwilini na hutibiwa kwa kuutibu mwili pia. Akashauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa uzima, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kuja. Hayo yaliandikwa karne kumi kabla ya Marienthal.

TUFANYE NINI?

1. Aliyepoteza kazi ashike saa. Swala tano tayari zimeigawa siku, basi kila baina ya Swala mbili aweke jambo moja dogo la kufanya, hata kama halina malipo.

2. Mume asione haya kushika kazi ya ndani, na mke asimcheke anapoanza kwa kukosea.

3. Mume amuulize mkewe hali yake, kisha anyamaze na kusikiliza bila ya kutoa hukumu. Na mke naye amuulize mumewe, maana wengi wetu tumefundishwa kwamba mwanaume haelezi.

4. Misikiti na madrasa tuanzishe vikao vya wanaume na vikao vya wanawake, kila wiki, kama walivyokaa watu wa Masaka na Rakai. Kina mama wakiwa na kikao, wapatiwe mtu wa kuwashikia watoto.

5. Tunapomsaidia asiye na kazi, tumpe na shughuli: kufundisha, kutengeneza paa la msikiti, kusimamia jambo. Heshima nayo ni sadaka.

6. Huzuni ikizidi wiki mbili, au mtu akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dua na dawa havigombani.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Azitulize nyoyo za waume na wake, Awafungulie milango ya rizki ya halali waliofungiwa, na Atujaalie kila mmoja wetu awe sikio kwa mwenzake kabla mwenzake hajaanguka. Aamiyn.

Wa biLlaahit-Tawfiyq.